Nyayo Kuzunguka Mahali Patupu

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe tatu Februari 2025, saa nne asubuhi, na walioyaharibu walikuwa na vitambulisho shingoni. Nasema hivyo mapema asije mtu akaniambia ilikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya ni mvua kukukuta huna mwavuli. Mtu akilazimisha kufunguliwa mlango ulioandikwa USIFUNGUE, hiyo si bahati.

Mimi natunza chumba cha buibui katika chuo kimoja hapa London, upande wa magharibi, chini kabisa ya jengo. Sikusomea kazi hii. Kwetu Wundanyi niliishia darasa la tano, na huku Uingereza nimefagia, nimesukuma matoroli uwanja wa ndege, nimelinda milango ya matajiri. Kazi ya buibui alinipa Daktari Reena, binti wa Kihindi aliyezaliwa Nakuru akahamia huku na wazazi wake akiwa msichana wa sekondari. Alinikuta nimekwama kwenye lifti, naitukana kwa Kiswahili, akacheka mpaka akaketi chini. Tangu siku hiyo ananiita Anko.

Chumba chenyewe kiko hivi. Sakafu nzima tumemwaga mchanga, na kuuzunguka ni fremu ya mbao. Humo alikuwa anaishi buibui dume mmoja aliyeletwa kutoka jangwa la Namibia; majike matatu tuliyaweka chumba cha pili. Ni mweupe kama unga wa muhogo, na akitandaza miguu anakizidi kiganja changu. Huyu si buibui wa kusuka utando akangoja nzi wajilete. Ni mwindaji, chakula chake anakikimbiza. Nyumba yake ni shimo mchangani, analipaka hariri ndani lisiporomoke, na juu anaweka mlango wa hariri na mchanga. Akiufunga, unaweza kusimama juu yake usijue. Sisi tulimfukia ndoo mpaka mdomoni, chini ya bomba, karibu na ukuta, naye akaikubali akachimba ndani yake.

Na kwa kuwa ni mnyama wa usiku, na Daktari naye anataka kulala kama watu, tuliigeuza siku. Taa za chumba kile huzima saa moja asubuhi na kuwaka saa kumi jioni. Watu wa juu wakinywa chai ya saa nne, kwetu ni usiku wa manane.

Katika usiku wake huo, dume hutoka kwenda kutafuta jike. Huko kwao, Daktari anasema, huenda mbali sana juu ya vilima vya mchanga, akipinda huku na kule kama mlevi wa mnazi. Lakini akirudi hafuati njia aliyojia. Anakata moja kwa moja, gizani, mpaka mlangoni pake. Kazi yangu ilikuwa kuusawazisha mchanga kwa ubao kila jioni, na kesho yake taa zikiwaka tunasoma nyayo. Kwenda, zimepinda kama utumbo. Kurudi, zimenyooka kama uzi. Nilimwita Shemeji, maana kila siku alitoka kuposa na kila siku alirudi peke yake.

Wengine wakisikia hivi wanacheka. Wacheke. Tangu mke wangu Marion afariki, chumba kile ndicho mahali pekee nilipongojea mtu arudi na akarudi kweli.

Sasa Jumatatu hiyo. Tom, meneja wa majengo, akaja na mafundi wawili wa mabomba.

"Hillary, fungua. Bomba la ukutani linavuja."

"Bosi, sasa ni usiku humo. Buibui yuko nje anatembea. Ngoja saa kumi."

"Maji hayamngoji buibui."

"Basi ngoja nimpigie Daktari."

"Yuko mkutanoni. Mimi ndiye niliyemweka mkutanoni. Fungua."

Simu ya Daktari ilikuwa imezimwa. Nikafungua. Niligonga fremu mara tatu kama nifanyavyo siku zote, nikasema hodi humu, na wale wakapita na tochi kama za polisi. Walikanyaga mchanga kwa mabuti. Waling'oa vibao vyeusi ambavyo Daktari alivitundika ukutani ili Shemeji awe na alama za kutazama. Waliichimbua ndoo kwa sababu ilikuwa chini ya bomba, wakaibwaga ukuta wa pili. Wakagongagonga, wakamaliza, wakaenda na vibao kuvitupa.

Nilichungulia ndoo. Mlango wa hariri ulikuwa wazi na ndani hamna mtu.

Kufika mchana habari ilikuwa imepanda juu ofisini kwamba buibui mkubwa wa Afrika ametoroka. Watu wakaanza kukaa miguu juu ya viti. Tom akashuka tena, safari hii hakupita mlangoni. Alisimama kwenye ngazi.

"Ijumaa saa kumi jioni anakuja mtu wa dawa. Atapiga ghorofa hii yote. Mkimwona buibui wenu kabla ya hapo, nioneshwe kwa macho yangu, nitamrudisha huyo mtu. Msipomwona, basi."

"Na majike matatu chumba cha pili?" Daktari akamuuliza.

"Dawa haichagui, Reena. Na kitu chochote humo kisisogezwe mpaka mkaguzi wa bomba apite wiki ijayo."

Daktari alikuwa anauma ukucha wa kidole gumba. Alipobaki na mimi akasema kwa sauti ndogo, "Anko, wakipiga dawa, sitapewa wengine. Vibali vya kuwaleta sipati tena. Na hiki chumba wanakitaka kuweka viti vyao vibovu."

Nikamtafuta. Jumatatu ile, Jumanne, Jumatano. Kila nilipopata nafasi nilishuka, nikagonga fremu, hodi Shemeji, nikaingia na taa ndogo nyekundu ambayo buibui haioni vizuri. Nilipiga magoti nikatazama nyuma ya mabomba, chini ya fremu, ndani ya glavu za mafundi walizosahau. Natoka. Robo saa haijafika, narudi, nagonga, hodi, naingia. Sikula. Kila kitu cheupe kilinishtua, hata karatasi ya kufutia mikono.

Jumanne jioni nilipita dukani kwa Jaspal. Jaspal Singh ni Kalasinga wa Kisumu, duka lake liko Hounslow chini ya chumba ninachopanga, na Kiswahili chake kimejaa ziwa. Yeye huniita kwa jina la kwetu.

"Mwakio! Iko nini na wewe? Uso kama umemeza funguo."

"Buibui wangu amepotea."

"Buibui wako." Akaweka mikono juu ya kaunta. "Watu napoteza bibi, napoteza mbwa. Wewe napoteza dudu. Toa tangazo basi: nywele nyeupe, miguu nane, hajui Kiingereza."

"Jaspal, wanataka kumpiga dawa Ijumaa."

Akaacha kucheka. Akanifungia sambusa mbili ambazo sikumwomba. "Dudu kama hiyo nyumba yake iko?"

"Iko, lakini wameihamisha."

"Sasa yeye nafanya makosa gani?" akasema. "Kwenda lala, mzee."

Sikulala.

Jumatano mchana nilishuka tena. Nikagonga mara tatu, hodi. Daktari alikuwa amekaa ndani gizani, kwenye kiti, bila mimi kujua.

"Anko, unafanya nini?"

"Naingia."

"Hapana. Huko kugonga."

"Nabisha hodi. Nyumba ya mtu haiingiliwi kama zizi. Hivyo ndivyo nilivyolelewa."

"Unagonga kila ukiingia?"

"Kila nikiingia, tangu siku ya kwanza."

"Na tangu Jumatatu umeingia mara ngapi?"

Nikacheka kidogo, maana nilifikiri ananisifu. "Mara nyingi, mwanangu. Sihesabu."

Akasimama, akanishika mkono, akauweka juu ya ile fremu, na kwa kidole chake akagonga mara tatu mbali na mimi. Nikausikia mtetemo ule ukinipanda kiganjani.

"Hawana masikio," akasema. "Wanasikia kwa miguu. Na dume hupiga mchanga kwa miguu ya mbele, hivi, hivi, hivi. Nadhani ni kuwaambia madume wenzake kwamba hapa pana mwenyewe. Wakikutana mmoja anaweza kumla mwenzake. Sasa akipiga mtu mwenye uzito wako, Anko, yeye anasikia dume kubwa kama gari."

"Lakini zamani alirudi na mimi nilikuwa nagonga."

"Zamani ulikuwa unaingia saa kumi, taa zinawaka, yeye yuko ndani amefunga. Sasa yuko nje, hana pa kujificha, na kila robo saa anasikia mwenye nyumba anarudi."

Siku tatu nilikuwa namwambia Shemeji ondoka, hapa si kwako, na mimi nikidhani namwita kwa heshima. Nilikaa pale kwenye mbao. Mafundi walimtoa mara moja. Mimi nilimtoa mara ngapi?

"Usilie, Anko."

"Silii. Vumbi la mafundi."

Jioni ile taa zilipowaka tuliusawazisha mchanga wote, tukafunga mlango, na tukakubaliana asiingie mtu mpaka kesho saa kumi. Ilikuwa siku ndefu kuliko zote. Alhamisi nilikaa kwenye korido mikono nimeikalia isije ikagonga kitu. Mtu wa posta akapita na toroli lake la magurudumu mabovu, nikamfukuza kwa ishara mpaka akanitukana.

Saa kumi taa zikawaka. Tukaingia tumevua viatu.

Nyayo zilikuwepo. Vishimo vidogo vidogo, vimetoka kwenye kona ya mabomba, vikapinda, vikazurura katikati ya chumba. Daktari akanishika bega. Kisha, kutoka katikati, vikanyooka. Uzi. Vilikwenda moja kwa moja mpaka karibu na ukuta, pale ndoo ilipokuwa zamani, palipo na mchanga mtupu. Na hapo vilizunguka. Duara dogo, halafu kubwa zaidi, halafu kubwa zaidi, halafu vikarudi tena katikati ya duara, kana kwamba hakuamini, vikaanza upya. Mchanga ulikuwa umechimbuka kwa kuzunguka. Mwishowe vilitoka kwa mwendo wa kukatakata mpaka kwenye kona ya mabomba, vikaishia.

Ndoo ilikuwa ukuta wa pili, hatua chache tu. Hakuifikia.

Mimi nayajua mazunguko yale. Machi ya mwaka juzi nilimwacha Marion hospitalini, kitanda cha dirishani. Waliniambia, mzee, nenda ukapumzike, tutakupigia. Nilirudi asubuhi na uji kwenye chupa, nikaenda mpaka dirishani, nikamkuta pale mwanamume ana miguu ya kufungwa bandeji. Nikatoka nje ya wodi, nikaingia tena, labda nimekosea mlango. Nikarudi dirishani. Nikauliza mmoja, akasema si wodi yake. Nikauliza mwingine, akasema mfumo wa kompyuta haufunguki. Nilizunguka wodi ile na chupa ya uji mpaka mlinzi akaitwa. Walikuwa wamemhamisha ghorofa ya juu kwa sababu walihitaji kitanda. Nilipoonyeshwa mahali, walikuwa wameshamfunika. Nilipouliza nani aliamuru ahamishwe, waliniambia ni utaratibu.

"Daktari," nikasema, "turudishe ndoo."

"Tom alisema—"

"Nimemsikia Tom."

"Mkataba wangu unaisha Machi. Yeye anakaa kwenye kamati ya mikataba. Anko, nikigusa kitu humu kabla ya mkaguzi, wana sababu." Alikuwa anatazama ukuta, pale vibao vilipotoka. "Na vibao havipo," akasema, kama anayejisemea. "Havipo kabisa."

"Vibao vya nini sasa? Yeye mahali anapajua. Nyumba ndiyo haipo."

Nikaishika ndoo peke yangu. Imejaa mchanga, na mgongo wangu ni wa mwaka hamsini na nane. Haikuinuka. Nikajaribu tena, kitu kikalia kiunoni. Daktari akasema neno la Kigujarati ambalo sitaliandika, akaja akashika upande wa pili wa mshikio.

"Inua, Anko, kabla sijapata akili."

Tukaibeba kama watu wanaoiba. Tulichimba pale pale, kwenye lile duara, tukaifukia mpaka mdomoni. Nikachukua ubao nikausawazisha mchanga mara mbili, nyayo zile zikafutika zote. Tukafunga.

Ijumaa mtu wa dawa alifika mapema. Alikuwa kijana mnene, ovaroli nyeupe, pipa la dawa mgongoni. Kifuani pameandikwa jina lake, Exaucé. Nilipomsikia anasalimia kwenye simu nikajua ni wa kwetu, wa upande wa Kongo.

"Kijana, unatoka wapi?"

"Bukavu, baba." Akashusha pipa. "Ile nyama iko humu ndani ni ya namna gani? Bananiambia tu kusema ni araignée kubwa." Nyama kwao ni mnyama yeyote.

"Ni buibui. Hana ubaya."

"Mi niko naogopa sana bile bintu, baba. Panya, sawa. Mende, sawa. Lakini ile ya miguu mingi, hapana."

"Na kazi yako ni kuwaua?"

"Kuua si kuangalia," akasema.

Tukakaa kwenye benchi, yeye na pipa lake, mimi na mikono yangu chini ya mapaja. Alianza kupiga kisigino sakafuni kwa woga. Nikamwekea mkono gotini. "Tulia, mwanangu. Usigonge." Akatulia. Kila nikitazama saa ya ukutani naiona iko pale pale. Daktari alikuwa amesimama kwenye ngazi, ukucha umeisha, sasa anauma ngozi. Nilikuwa nawaza: kama amekufa kwa njaa nyuma ya bomba. Kama amerudi akakuta ndoo inanuka mikono yetu. Kama jana ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kujaribu, maana mtu anaweza kuzunguka mahali patupu siku moja, mbili, lakini ya tatu anakata tamaa, na sisi tumerejesha nyumba mwenyewe ameshaenda zake.

Saa kumi kasoro dakika chache Tom akashuka. "Mmemwona?" akasema, akachungulia kupitia kioo cha mlango, lakini gizani hakuona kitu.

Taa zikawaka.

Kona ya mabomba kulikuwa na nyayo. Zilitoka, zikapinda, zikazunguka chumba chote, zikapanda hadi fremu zikashuka. Nilizifuata kwa macho. Zikafika ukuta wa mbali kabisa. Kutoka hapo zikanyooka, zikavuka chumba kizima bila kutetereka, zikaingia kwenye mdomo wa ndoo. Hazikutoka tena. Na mdomo wa ndoo ulikuwa mchanga mtupu, laini. Alikuwa amefunga.

"Yuko ndani," nikasema.

"Naona mchanga," Tom akasema. "Na naona ndoo imesogezwa."

"Niliisogeza mimi," Daktari akasema.

"Tulisogeza," nikasema.

"Nioneshwe."

Daktari akapiga magoti. Alichukua sindano ndefu, akaipitisha chini ya ukingo wa ule mlango. Akauinua kidogo. Tom alikuwa amerudi nyuma mpaka mlangoni. Aliyesogea ni Exaucé, shingo mbele, mkono umeziba mdomo.

"Iko!" akapiga kelele. "Iko humu, baba! Ananiangalia! Macho mingi hivi!" Akaruka nyuma akakanyaga mguu wa Tom.

Shemeji alivuta mlango wake kwa miguu miwili, akaufunga. Aliuvuta kwa nguvu, nikaona hariri ikikaza.

Tom alitazama kiatu chake. "Sawa," akasema. "Leo hapana dawa. Habari ya ndoo tutaongea kwenye kamati." Akapanda ngazi, na Exaucé akabeba pipa lake akimfuata, huku akijifuta jasho na kusema Mungu mkubwa, Mungu mkubwa.

Tulibaki wawili. Nilikaa kwenye mbao za fremu. Daktari hakukaa. Alikuwa anaitazama ile njia iliyonyooka, kisha kuta, kisha taa, kisha njia tena. Nilidhani atafurahi.

"Anko, vibao havikuwepo."

"Ndiyo, walivitupa."

"Miaka miwili nimeandika kwamba anatazama vile vibao. Anaona kidogo sana gizani, lakini anaona, na anavitumia. Nimesimama mbele za watu nikasema hivyo." Akaonyesha ukuta mtupu. "Sasa anatazama nini?"

"Labda ananusa njia yake."

"Wewe uliufuta mchanga jana. Na harufu gani hiyo? Hakurudi kwa njia aliyotoka."

"Labda anahesabu hatua."

"Kwa kupinda kote kule? Akikosea kidogo tu kila pindo, mwishoni yuko stesheni ya Rayners Lane."

"Basi wakubwa wa kazi hii wanasemaje? Wale wenye vitabu."

"Wanasema macho. Wengine wanasema macho na kitu kingine. Mimi nilikuwa mmoja wao." Akaketi hatimaye, karibu na mimi. "Hakuna anayejua, Anko. Bado."

Nilichukua ubao nikaanza kusawazisha, polepole, kutoka fremu kwenda ndani, na nilipofika kwenye ule uzi wa nyayo nikasita. Sikuweza kuufuta. Walimkanyagia mchanga, waling'oa alama zake, walimchimbulia nyumba, na mimi nikamfukuza kwa adabu zangu zote. Kisha akatoka gizani, akazurura, na wakati wake ulipofika akageuza uso upande ule ule, akaja.

Alifuata nini?